Kitanda Kisicho na Nukta

Ulikuwa ule mwaka tuliokula mchele siku za kazi na ugali Jumapili. Aliyekuwa Nairobi atakumbuka. Unga ulipanda hadi ukawa kitu cha wageni, na ule mchele wa kutoka nje, mweupe kama karatasi na usio na harufu yoyote, ndio ukawa chakula cha Jumatatu hadi Jumamosi. Vitunguu viliuzwa vimekatwa nusu. Hapa kwetu Riruta mama mboga aliufunika ule upande uliokatwa kwa jani la sukuma usikauke, na mimi niliyezaliwa hapa wakati kulikuwa na mahindi mpaka kando ya barabara ya Naivasha, nilisimama mbele ya nusu kitunguu nikacheka mpaka nikakohoa.

"Shosho, wacha kucheka hivyo, watu wanakuangalia," mjukuu wangu akaniambia.

Nikamwambia waangalie. Wa kuona haya ni kitunguu, si mimi.

Mjukuu huyo nimemlea mwenyewe. Mama yake, binti yangu, yuko Uarabuni anawapikia watoto wa watu wengine. Mwaka huo msichana alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa yenye karakana ya vyuma. Wenzake wa kike walichagua upishi na biashara, yeye akachagua vyuma. Wavulana thelathini na yeye na msichana mwingine mmoja, ambaye alihama baada ya muhula kwa sababu ya kucha. Majirani waliniuliza kama nimekosa mtu wa kumshauri mtoto. Niliwajibu kwamba mtoto ameshauriwa na damu.

Mume wangu, Mungu amlaze, alikuwa fundi wa masanduku. Yale masanduku ya mabati ambayo watoto wa bweni hubeba, yenye kufuli mbele na jina la mtoto kwa rangi nyeupe. Kibanda chake kilikuwa hapo mbele ya ploti yetu, siku hizi nimemkodishia mtu wa chipsi. Akimaliza sanduku alilifunga, akalifungua, akalifunga tena, halafu akalikalia. Ndiyo, alilikalia kwa uzito wake wote, na hakuwa mtu mwembamba. Likivumilia, ndipo alichukua kile chuma kifupi chenye ncha, akaligeuza, akapiga nukta tatu chini ya kishikio. Ta, ta, ta. Maana yake ilikuwa: hili ni langu, likivunjika nirudishie.

Na yalirudi. Siku moja alikuja mama kutoka Kawangware na sanduku ambalo watoto wake watatu walikuwa wamesomea kwa zamu. Bawaba zimelegea, kutu imeanza pembeni. Mzee akalipapasa kwa chini kama daktari anayepapasa tumbo, akazipata zile nukta zake, akasema tu, "Ni wangu," kama anayezungumzia mtoto. Akalitengeneza na hakuitisha kitu. Sanduku lililokataa kukaliwa alilipiga nyundo likawa bapa, akalitupa kwenye chuma chakavu. Halikutoka pale kibandani. Hilo nimelieleza kwa sababu ndilo lililonikosesha baadaye.

Mzee alikufa msichana akiwa darasa la nne. Alikuwa ameshamfundisha kupiga nukta kwenye mikebe ya siagi, zikae sawa, zisitoboe.

Sasa, likizo ya Agosti, kila mwanafunzi wa somo la vyuma alitakiwa aende wiki tatu mahali wanapotengeneza vitu kweli kweli. Wao waliita atachi. Akimaliza, analeta barua yenye muhuri inayosema amefanya kazi na amefanya vizuri. Bila barua, maksi za kazi ya mkono zinabaki wazi. Bila maksi hizo hawezi kuendelea na somo mwaka wa mwisho, na bila somo, chuo cha ufundi alichokuwa akikiota hakina haja naye. Mwalimu wa vyuma alituambia hivyo kwenye mkutano wa wazazi, halafu akaongeza kwamba nafasi tujitafutie wenyewe.

Nilikuwa na mpangaji, mzee mmoja kutoka magharibi, wa makamo, anapiga ngoma kanisani, hajui pombe, hata chai anaionea huruma. Alikuwa kibarua wa kuchomelea vyuma katika karakana kubwa huko nyuma ya mtaa wa Satellite, wanakotengeneza vile vitanda vya shule, kimoja juu ya kingine. Yeye ndiye aliyemwombea mjukuu wangu nafasi kwa msimamizi wake.

"Mama, nimewaambia ni mtoto wangu," alinijia akacheka. "Sasa usiniangushe, mpe chakula ya nguvu."

Siku ya kwanza nilitoa kile chuma cha mzee kwenye kitambaa kilimokuwa kimefungiwa miaka yote hiyo. Nikampa msichana, aliyezoea kumwita babu yake guka. Nikamwambia, "Kazi yako ukiimaliza, piga nukta za guka wako. Wajue imepita kwa nani."

Hakuna aliyenituma. Ni mimi.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha, na sitasema uongo kwamba niliona chochote. Alirudi ananuka chuma kilichoungua. Jioni moja macho yalimwasha kwa ule mwanga wa kuchomelea, akalala na vipande vya viazi vibichi juu ya kope, kama tulivyokuwa tunamfanyia babu yake. Hata akiwa amelala hivyo alinihesabia. "Leo nimepiga nukta kwa vitanda vinne, Shosh." Kesho yake vitano. Mpangaji wangu alipita mlangoni akasema, "Mama, huyu mtoto anachomelea kushinda vijana wangu. Moto yake haitetemeki." Nililala nimevimba kichwa. Niliwaeleza watu wa kikundi chetu cha kanisa, wakachoka, nikawaeleza tena.

Wiki ya pili aliacha kuhesabu. Nilipomuuliza leo ni vingapi, akasema, "Vingi." Nikadhani ni uchovu. Wiki ya tatu alikirudisha kile chuma ndani ya kitambaa chake akakiweka juu ya kabati. Nikadhani amemaliza.

Barua haikutoka siku ile ya mwisho. Wanafunzi waliambiwa ofisi kuu ya karakana, iliyoko Hurlingham, itazipiga muhuri, warudi baadaye.

Shule zilifunguliwa. Hata mwezi haukuisha, mpangaji wangu alikuja mlangoni jioni bila kupiga hodi, jambo ambalo si lake. Akasimama tu. Akaniambia kitanda kimoja kimevunjika katika shule ya bweni ya wasichana, huko juu tukielekea msituni. Mtoto wa kitanda cha juu ameanguka, amevunjika mfupa wa bega. Ofisi inasema ni vitanda vilivyochomelewa na wanafunzi. Barua zimezuiwa. Na mjukuu wangu anaitwa Hurlingham, aje na mzazi.

Nilimwangalia msichana. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

Nilivaa kitambaa changu cha kanisa cha kichwani. Ofisi ile iko kando ya barabara ya Argwings Kodhek, chini ni duka la viti na makabati, juu ni vioo. Tulipokewa na kijana mmoja mpole, ofisa, viatu vyake vimechongoka mbele kama mdomo wa kunguru.

"Karibu shosho wetu. Utakunywa chai ama maji?"

"Nitakunywa tukimaliza," nikamwambia. "Kitanda kiko wapi?"

Kilikuwa uani, mahali pa kuegesha magari. Kimelala ubavu. Ule upau wa juu ulikuwa umeachana na mguu, na kwenye wavu wa juu kulikuwa na soksi ya buluu imenaswa, ndogo, imekunjamana. Hakuna aliyekuwa ameitoa. Nilijua mambo mengi nitayasahau kabla ya soksi ile.

Mpangaji wangu naye alikuwa ameitwa. Alisimama ukutani, mikono nyuma, kofia mkononi. Nilimsalimu, akaitika kwa kichwa.

Niliinama. Nina magoti mabovu lakini niliinama mbele ya wale watu wote nikapapasa kitanda chote kwa chini, mguu kwa mguu, upau kwa upau, ngazi, kona zote. Vidole vyangu vinazijua zile nukta hata gizani. Hazikuwapo. Nikanyanyuka nikajifuta rangi mikononi, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mtu mwenye magoti mabovu.

"Haya, sikilizeni. Mjukuu wangu kazi yake huipiga nukta tatu. Alifundishwa na babu yake. Nendeni mkatafute vitanda vyake vyote, mtazipata. Hiki hakina. Isiyo na nukta si ya mjukuu wangu. Ulizeni Riruta nzima!"

Kijana akaandika kwenye simu yake. "Kwa hivyo shosho unasema hiki kilichomelewa na mtu mwingine."

"Si nimesema? Ama ulitaka niseme kwa Kizungu?"

Watu wakacheka kidogo. Nami nikacheka. Msichana alikuwa anaangalia viatu vyake. Mpangaji wangu aliniangalia mimi, uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza tangazo la kanisa, halafu akaangalia kitanda.

"Nani mwingine alikuwa kwa hiyo laini ya kuchomelea?" kijana akauliza.

"Ni mimi," mpangaji wangu akasema. Ni hayo tu aliyosema siku hiyo.

Tulipotoka nilikuwa nimejaa. Nilimpeleka msichana mjini, karibu na steji za zamani ambako mzee alikuwa akinipeleka tukiuza masanduku mengi wakati wa kufungua shule. Nikamnunulia chipsi na soseji. Nilimsimulia upya yote yaliyotokea kana kwamba hakuwapo. Nikamwiga yule kijana na viatu vyake. Alizamisha chipsi moja kwenye nyanya, akaiacha pale pale imesimama. Zile zingine nilizila mimi.

Ijumaa mpangaji wangu aliambiwa asirudi kazini.

Aliniambia mwenyewe, akiwa bombani anachota maji. "Wamesema nipumzike, mama."

"Kwa nini wewe?"

"Si mtu lazima apumzike?" Akacheka. Akabeba ndoo yake.

Sasa hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimhurumia. Nilimhurumia tu, kama unavyomhurumia mtu ambaye ametenda kosa. Nikasema moyoni, kumbe hata mtu mwema huchomelea vibaya. Nikampelekea wali na maharagwe.

Jumapili tukasonga ugali. Nasema tukasonga kwa sababu siku hizo ilikuwa shughuli ya nyumba nzima, kila mtu anasimama karibu na sufuria kuona. Nikakata, nikampa msichana kipande kikubwa. Akakifinyanga mkononi, akakifinyanga, hakukipeleka mdomoni. Ugali wa mwaka ule! Nikamwambia, "Hicho si udongo."

"Shosho, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Hicho kitanda. Ni mimi nilikichomelea."

Nikamwambia hakina nukta. Nilishika mwenyewe.

"Sikupiga. Nilijua kimeharibika, ndio sikupiga."

Akanieleza. Wiki ya pili, oda ilikuwa kubwa na siku zilikuwa chache. Msimamizi alikuja akawaambia waache kuzungusha moto kote kwenye kiungo. Choma alama mbili ndogo za kushikilia tu, nenda kingine. Pale palipobaki wazi wakazibe kwa fila, ule unga wa kukanda ambao mafundi wa magari huzibia mashimo, halafu rangi inapita juu na huoni kitu. Mpangaji wangu alikataa, akasema chuma hakishikwi na unga. Msimamizi akamwondoa kwenye viungo vya juu akampeleka miguu, na viungo vya juu akapewa mtoto. Mtoto akafanya. Alikuwa anataka barua.

"Na vile nilivyomaliza vizuri nilipiga nukta," akasema. "Hivi vingine niliona aibu. Nikafikiria kama sijapiga, basi si kazi ya guka."

Nilikaa na mkono wangu ndani ya mboga. Ndipo nilipoelewa kosa langu lilikaa wapi. Babu yake hakuwahi kutoa kazi bila nukta. Kazi mbovu aliiponda. Kwa hivyo mimi, miaka yangu yote, sikujua kwamba kuna kazi inayoweza kutoka mlangoni bila nukta, na bado iwe imepita mikononi mwa watu wangu. Mtoto alichukua nusu ya desturi yetu. Mimi nikaenda nikaapa kwa nusu hiyo hiyo mbele ya watu.

"Vingapi?" nikamuuliza.

"Safu yote ya mwisho."

"Na viko wapi?"

"Kwa ile shule."

"Watoto wamelalia?"

Machozi yalimdondoka kwenye ugali.

"Na huyu mpangaji wetu anajua?"

"Anajua. Aliniambia ninyamaze. Alisema yeye ameshakula chumvi, mimi bado."

Sikulala vizuri, lakini hilo si muhimu. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye shule ile ya bweni. Nilimwambia bawabu namtafuta mama wa bweni, na kwamba sitaondoka. Alipokuja, mwanamke mkubwa mwenye lesso juu ya sweta, nilimwambia, "Vitanda vyenu vilivyoletwa karibuni, vigeuze. Ukipata nukta tatu chini ya upau wa juu, mtoto alale. Usipopata, godoro liende sakafuni leo leo."

"Na wewe nani amekuambia?"

"Aliyevichomelea."

Aliniangalia sana. Halafu akaingia ndani, nami nikasikia vyuma vinavutwa juu ya saruji, kimoja, kingine, kingine. Alirudi amekunja uso. Hakuniambia asante. Alisema, "Magodoro yako chini." Hiyo ilinitosha.

Kumbe alipiga simu Hurlingham. Jumatano yule kijana wa viatu alikuwa kwangu, amekaa kwenye kiti cha mzee, magoti pamoja. Alikuja na karatasi iliyopigwa chapa na bahasha nyeupe. Bahasha aliiweka juu ya meza kwanza, akaifungua kidogo nione muhuri. Barua ya mjukuu wangu. Ilisema amefanya kazi kwa bidii, ni mwaminifu, anapendekezwa.

"Shosho, hii imeisha. Tunataka tu yale ulisema pale ofisini, tumeyaweka vizuri kwa karatasi. Weka kidole hapa chini, mimi naacha barua, tunakunywa chai."

Akatoa kidude cha wino. Hakuniuliza kama najua kuandika.

"Mimi nilifika darasa la tatu," nikamwambia. "Nisubiri nisome."

"Si nikusomee?"

"Nisubiri."

Nilivaa miwani nikasoma, kidole chini ya kila neno. Ilinichukua muda. Alitazama simu yake, akatazama picha ya mzee ukutani, akatazama simu. Karatasi ilisema kwamba mimi, bibi wa mwanafunzi, nimekikagua kitanda na kuthibitisha hakikuchomelewa na mjukuu wangu. Hapo ni maneno yangu, siwezi kuyakana. Chini yake ilisema kitanda hicho na vingine visivyo na nukta vilichomelewa na kibarua mmoja, akiwa mlevi, bila kumsikiliza msimamizi wake. Na kwamba kwa upande wangu jambo limekwisha.

"Mlevi?" nikamuuliza.

"Ni lugha tu ya ofisi, shosho."

"Huyu mtu anaishi ukuta wa pili. Namsikia akiomba. Nimewahi kumsikia akiimba vibaya, mlevi sijamsikia."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema isiyo na nukta si ya mjukuu wako."

"Nilisema. Nilikosea. Mjukuu wangu ndiye aliyechomelea. Lete karatasi nyingine, andika hivyo, halafu andika ni nani alimwambia azibe kwa fila. Hiyo nitaweka jina langu, kwa kalamu, si kwa kidole."

Akacheka bila meno kuonekana. "Shosho, hiyo unataka ni kesi ingine. Unajua hii ikiwa ya mjukuu wako, barua haipo? Unajua shule itasikia?"

"Shule iliyonunua vitanda imeshasikia. Mimi ndiye nilikwenda."

"Basi fikiria huyu mtoto. Huyo mzee hana haja, atapata kazi mahali. Mtoto ana maisha mbele. Sahihi moja tu."

Alikuwa na haki katika hilo la maisha mbele, na ndipo moyo uliponiuma. Niliiangalia ile bahasha. Nilitaka kuichukua, sitamdanganya mtu. Niliona mjukuu wangu amevaa ovaroli ya chuo, na picha yake iko pale ukutani karibu na ya babu yake. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya meza.

Nikaurudisha magotini.

"Siweki sahihi," nikamwambia. "Kazi hii ina mwenyewe."

Akakunja barua akairudisha kwenye bahasha, bahasha akairudisha mfukoni. Karatasi ile nyingine aliiacha juu ya meza. "Mkibadilisha nia, mwalimu anajua pa kunipata." Chai hakunywa.

Mwalimu wa vyuma alinipigia simu kesho yake. Ni mwalimu mzuri, na alikuwa na uchungu. "Mama, nimesikia yote. Uko sawa. Lakini mimi maksi bila barua sina pa kuzijaza, na mwisho wa kupeleka ni Ijumaa. Huyu ndiye bora wangu. Hata wavulana wanajua."

"Kama niko sawa, kwa nini unanipigia?"

Nikasikia nyundo nyuma yake, watoto wanagonga kitu. "Kwa sababu ningejilaumu nisipopiga," akasema.

Ijumaa asubuhi mpangaji wangu alikuwa anafunga mizigo. Kwao kuna shamba dogo na kuna shemeji anayejenga. Alikuwa amefunga godoro kwa kamba, juu yake ameweka ile kofia ya chuma ya kuchomelea, yenye dirisha jeusi. Nilimwambia sijamfukuza, akae. Akasema anajua.

"Mama, iweke tu hiyo sahihi," akasema akiikaza kamba kwa goti. "Jina langu huko Hurlingham limeshakufa. Maiti haiogopi kaburi. Mtoto apate barua yake."

"Wewe nenda salama," nikamwambia.

Nilirudi ndani. Msichana alikuwa ameketi mezani amevaa sare, ingawa kengele ya shule ilikuwa imeshapita. Karatasi ilikuwa mbele yake, ameinyoosha kwa kiganja. Kalamu alikuwa ameshaifungua.

"Shosho, umemsikia. Yeye mwenyewe amesema uweke."

"Nimemsikia."

"Ni leo tu. Mwalimu amesema mpaka saa nane. Nitachukua mimi boda mpaka Hurlingham, wewe usitoke." Aliongea haraka, macho mekundu, na safari hii si ya moto. "Nilikuambia ukweli kwa sababu ni wewe. Sikukuambia ndio uniuze."

Neno hilo lilinikaa kifuani kama ugali wa moto. Nilivuta kiti nikaketi karibu naye. Niliviona vidole vyake, vina yale makovu madogo madogo ya cheche, kama ya babu yake, na mimi ndiye niliyempa chuma nikamwambia wajue imepita kwa nani.

"Nitakwenda na wewe kwa mwalimu," nikasema. "Nitakwenda na wewe kwa mwalimu mkuu. Tutatafuta mahali kwingine, urudie wiki tatu, hata urudie mwaka."

"Nani atanichukua? Wewe umeshawaambia ni mimi!"

"Nimewaambia."

Nje godoro liliburutwa likapita mlangoni kwetu. Wote tulilisikia. Akaisogeza karatasi mpaka ikagusa mkono wangu, akaweka kalamu juu yake, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa kijiko.

"Shosh. Tafadhali."

Sijawahi kumnyima mtoto huyu kitu nilichokuwa nacho.

"Siweki sahihi," nikamwambia. "Kazi hii ina mwenyewe."